Namna ya kumwambia mpigapicha mwenzako kasoro ya picha yake hadi akaweza kuirekebisha

MWANZISHA UZI (Mji Mkongwe, Unguja)

Assalamu alaykum ndugu zangu wapigapicha wa Unguja na Pemba.

Kwa miaka kadhaa sasa sisi wapigapicha wachache tumekuwa tukikutana barazani kwa mwenzetu mmoja hapa Mji Mkongwe baada ya sala ya alasiri, kila mmoja akiwa na picha zake tatu au nne, nyingine zimeshasafishwa, nyingine zimo ndani ya simu, na shughuli yetu ni kuziangalia na kuzisemea. Naandika uzi huu kwa sababu nimekuja kuona kwamba wengi wetu tunajua kupiga picha zaidi ya tunavyojua kuizungumzia picha ya mwenzetu, na kwamba upungufu huo umewachelewesha vijana wengi kuliko ulivyowachelewesha ukosefu wa lenzi nzuri.

Kilichonifungua macho ni kisa hiki. Msimu mmoja wa karafuu, kijana kutoka Pemba alituletea picha ya bibi aliyeketi kando ya jamvi, anaokota vikonyo vilivyosalia ndani ya karafuu zilizoanikwa juani. Picha ikazunguka mkono kwa mkono. Wanane kati yetu tukasema, "Mashaallah, picha nzuri." Mtu wa tisa akaitupia jicho, akasema, "Hii imeungua, haifai kitu." Kijana akaipokea picha yake, akaitia ndani ya bahasha, na hakusema neno mpaka tulipoagana. Hatukumwona tena kwa miezi mingi, na mimi nilikuwa mmoja wa wale wanane.

Baadaye niliifungua picha ile nyumbani, kwa kuwa alikuwa amenitumia faili lake, nikakaa nayo kwa muda ambao ningepaswa kukaa nayo siku ile. Ni kweli kwamba sehemu ya juu ya jamvi ilikuwa imeungua, yaani ilikuwa nyeupe tupu, bila ya msuko wa ukindu wala punje ya karafuu kuonekana, maana ilipigwa adhuhuri. Lakini chini ya fremu ilikuwapo mikono ya yule bibi, na konyo moja limebanwa baina ya kidole gumba na cha shahada, na mikunjo ya ngozi ya kiganja imeingiwa na weusi wa karafuu kiasi cha kuweza kuihesabu. Picha nzima ilikuwa pale. Aliyesema "imeungua" alikuwa mkweli kwa theluthi moja ya picha, na sisi tuliosema "nzuri" tulikuwa wakweli kwa ile mikono, lakini hakuna hata mmoja aliyemwonyesha kijana ni wapi palipoungua na ni wapi pazuri. Aliondoka na maneno tisa, na hakuna hata moja ambalo angeweza kulitumia siku ya pili alipoishika kamera.

Tangu siku hiyo nimejilazimisha kitu kimoja, na ndicho ninachotaka tukijadili: kabla sijasema picha ni nzuri au mbaya, naeleza kwa sauti kile ninachokiona na njia ambayo jicho langu limeipita. "Nimeanzia kwenye huu weupe wa juu, nikakaa hapo, kisha ndipo nikateremka mikononi." Sentensi kama hii haimtukani mtu wala haimsifu, lakini mpigapicha akiisikia anajua papo hapo kwamba weupe umempokonya mtazamaji wake. Baada ya hapo namuuliza alitaka nione nini. Akijibu "mikono", basi tumekubaliana, na ushauri unakuja wenyewe: ikate sehemu ya juu, au siku nyingine msogeze bibi kwenye kivuli cha ukuta, au urudi jua likiwa limelala.

Suala la jua linahitaji uadilifu kutoka kwetu tunaoshauri. Unguja ipo kiasi cha digrii 6 kusini mwa ikweta na Pemba kiasi cha digrii 5, na kwa hivyo jua linatupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Oktoba ni wakati ambao karafuu zimo majamvini. Mtu anayepiga picha ya uanikaji wa karafuu anapigana na jua lililosimama wima, ambalo linageuza matundu ya macho kuwa mashimo meusi na kuunguza kila kitu cheupe. Ukimwambia "mwanga mbaya" ukanyamaza, umemlaumu kwa jambo ambalo hakulipanga. Mwambie ashushe mwanga wa picha nzima hadi ukindu uonekane, kisha akinyanyue kivuli baadaye wakati wa kuisafisha kwenye kompyuta, kwa kuwa faili la dijitali huweza kurudisha vitu vilivyozama gizani lakini haliwezi kurudisha kilichoungua kabisa.

Mfano wa pili nautoa Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, ambako kila mmoja wetu amewahi kuwapiga picha vijana wanaochupa baharini wakati wa magharibi. Mwenzetu alileta picha yenye vijana wawili hewani, maumbo meusi mbele ya anga jekundu. Watu wakaisifu rangi. Nilipoeleza ninachokiona, nilisema: "Naona umbo moja lenye mikono mitatu, kwa sababu kiwiliwili cha kijana wa nyuma kimeshikana na bega la wa mbele." Alikuwa hajaliona hilo, kwa kuwa yeye alikuwapo na anajua walikuwa wawili. Mpigapicha anaiona siku nzima ndani ya picha yake, sauti ya maji na kelele za wenzao, ilhali mtazamaji hana chochote ila ile karatasi, na faida kubwa ya jicho la mwenzako ni kuwa halikuwapo. Ushauri ulikuwa mfupi: maumbo meusi lazima yaachane ili yasomeke, kwa hiyo sogea hatua mbili kando ya ukuta uone anga baina yao, na uiweke shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, katika 1/1000 ya sekunde ili vidole visipotee. Aharakishe pia, kwani jua la kwetu huzama karibu wima na ule wekundu haungoji.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Siku ya Idi, wengi wetu tunapiga picha za watu waliovaa kanzu nyeupe, na picha nyingi zinatoka na nyuso zilizozama gizani. Nimemsikia mtu mzima akimwambia kijana, "Huyu uliyempiga ni mweusi sana, ndiyo maana hatoki." Kauli hii ni ya kosa, na inamuumiza mpigapicha na aliyepigwa pamoja. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kwamba kinaangalia kanzu. Kinachukulia kuwa vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vina mng'ao wa kijivu cha wastani. Kikikutana na kanzu nyeupe iliyojaza fremu, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na matokeo yake kanzu inatoka rangi ya majivu na uso unazama. Kikikutana na buibui jeusi, kinafanya kinyume chake, buibui linapauka na uso unaungua. Basi kosa ni la kipimo, na dawa yake ni kuupima mwanga usoni, au, mbele ya kanzu nyeupe, kuongeza mwanga kiasi cha stopu moja, yaani maradufu, na kwa anayetumia simu ni kuugusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga. Hata katika zama za filamu, maabara nyingi zilisawazisha rangi kwa kufuata kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na kwa miongo mingi watu wenye ngozi kama zetu walipokea picha zisizowafanana. Hatuna sababu ya kuirithishana lawama hiyo leo.

Mambo mengine hayahitaji maneno mengi. Upeo wa bahari ukiwa umepinda, sema umepinda. Kuta za vichochoro vyetu na milango ya nakshi zikionekana kama zinalala nyuma, mwambie kuwa aliinua kamera juu, na kwamba aishike wima kisha akate sehemu ya chini. Na kama picha umeipokea kwa WhatsApp, usiuhukumu ukali wake, kwa sababu programu hiyo hupunguza ubora wa picha inapoituma kwa njia ya kawaida. Omba faili lenyewe kwanza.

Jambo la mwisho ni mipaka. Wapo wanaoshauri ili picha ya mwenzao ifanane na zao: anayependa rangi kali anataka kila bahari iwe na rangi kali, na anayependa nyeusi na nyeupe anataka kila kitu kiondolewe rangi. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na mimi naongeza kwamba tusimpe mwenzetu nyota yetu kwa nguvu. Namuuliza anakokwenda, kisha namsaidia kufika huko.

Naomba michango yenu.

MCHANGIAJI (Wete, Pemba)

Waalaykumu salaam kaka. Nakubaliana nawe, lakini kuna kitu umekiruka, na mimi kama mwanamke ninayepiga picha za wanawake wa mwani siwezi kukinyamazia.

Ushauri ninaopewa mara nyingi kuliko mwengine wowote ni huu: "Ungesogea karibu zaidi." Anayenishauri hajawahi kuniuliza kwa nini sikusogea. Sikusogea kwa sababu yule mama aliniambia nisimamie pale nilipo. Aliridhia nimpige kazi yake, hakuridhia nimpige uso wake akiwa amelowa hadi kifuani, na masafa yale yanayoonekana kuwa ni udhaifu wa picha ndiyo ahadi niliyompa. Kwa hivyo kwenye yale maswali yako naomba uongeze la tatu, nalo ni kumuuliza mpigapicha alikubaliana nini na aliyempiga. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, na wanawake wengi wa pwani wameshazoea kugeuka na kukuta lenzi ya mtu wasiyemjua. Tusiwasukume wenzetu waongeze idadi ya lenzi hizo kwa jina la kuboresha fremu.

Jambo jengine ni saa. Nimeambiwa mara kadhaa, "Kwa nini hukwenda asubuhi na mapema, mwanga ukiwa laini?" Mwenye kusema hivyo hajui kazi ya mwani. Mashamba yanafikiwa maji yakitoka sana, na wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida, maji ya kwetu hutoka sana karibu na saa nne au saa tano za asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Alfajiri ningepiga picha ya maji matupu. Mtu aliyenisaidia kweli ni yule aliyeanza kwa kukubali kwamba saa ni hiyo hiyo, kisha akanionyesha kwamba mchanga uliolowa unarudisha mwanga kwenda juu, na kwamba mama akiinama kufunga mbegu kwenye kamba, uso wake ulio chini ya kivuli cha mtandio unapata mwanga huo kutoka chini. Nikaanza kuingoja dakika ya kuinama. Picha zangu zilibadilika wiki ile ile.

MCHANGIAJI (Ng'ambo, Unguja)

Assalamu alaykum. Nimeusoma uzi mwanzo hadi mwisho na nina mashaka nao, na nitayasema bila ya kuzunguka.

Mimi kazi hii nimejifunza ndani ya chumba cha giza cha kusafishia filamu. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila uliyoiharibu ilikuwa ni pesa imepotea. Mwalimu wangu, ambaye sitamtaja, aliwahi kuichana picha yangu mbele ya mteja. Sikuulizwa nilikusudia nini, na wala sikusimuliwa safari ya jicho lake. Lakini sikulirudia kosa lile maisha yangu yote. Nachelea kwamba vijana wa leo wakizoeshwa kuulizwa na kupembejewa watakuwa wepesi wa kuvunjika, na mficha uchi hazai. Anayeleta picha barazani amekubali kuonekana.

Kisha kuna suala la kiwango. Mji huu una historia ya picha. Nenda ukaziangalie picha za Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliianzisha hapa Mji Mkongwe mwaka 1930, uone uso wa mtu unavyowekewa mwanga, na mkono unavyolazwa mapajani. Picha ikiwa haifiki nusu ya hapo, kwa nini nisiseme haifiki?

MWANZISHA UZI

Maalim, heshima yako ipo pale pale, na nimefurahi umesema waziwazi. Kuhusu kiwango sina ubishi hata kidogo. Natamani kila anayekuja barazani kwetu aanze kwa kuziangalia picha za zamani za mji huu, na natamani tunapomwambia mtu kuwa mwanga wa uso haujakaa, tuwe na picha ya kumwonyesha mkononi badala ya neno tu.

Ninachokuuliza ni hiki: baada ya picha kuchanwa, ulijuaje kosa ni lipi?

MCHANGIAJI (Ng'ambo, Unguja)

Alinirudisha ndani kesho yake. Tukaiweka negativu ile ile, akaniwekea mkono wake chini ya taa ya kikuzio, mashine inayoikuza negativu juu ya karatasi, akanionyesha namna ya kuuziba mwanga usifike usoni kwa sekunde mbili tatu huku mandhari ikiendelea kupata mwanga, ili uso usitoke mweusi. Tulirudia mara nne au tano mpaka ikakaa.

Nimeelewa unakonipeleka. Kilichonifundisha ni ule mkono chini ya taa. Lakini bado nasema kuchanwa kulinifanya nisikilize.

MCHANGIAJI (Mkoani, Pemba)

Nina maswali mawili. Picha isipokuwa na lolote la kusifia, tunafanyaje? Na hizi picha ambazo bahari imetiwa rangi mpaka haifanani na bahari ya popote, tunazisemeaje bila ya kumvunjia mtu heshima?

MWANZISHA UZI

Kwa la kwanza, usisifie kitu ambacho hukukiona, kwa sababu sifa ya uwongo inamfundisha arudie. Mimi huishia kwenye maelezo na suali: "Jicho langu halikupata pa kutua; ulipoinua kamera, kitu gani kilikuita?" Mara nyingi mtu hukitaja kitu ambacho hakimo kabisa ndani ya fremu, mtoto aliyekuwa kando au mlio wa tarumbeta, na hapo hapo anatambua mwenyewe kwamba alielekeza kamera pengine.

Kwa la pili, usianze na rangi, anza na ushahidi. Ikuze picha uangalie ukingo wa tanga la ngalawa, pale linapokutana na anga. Kama rangi imelazimishwa, mara nyingi utaona uzi mweupe umelizunguka tanga zima kama mshono. Muonyeshe mshono huo. Hakuna anayebishana na kitu anachokiona kwa macho yake, na mwenyewe ataurudisha mkono nyuma mpaka mshono utoweke, na rangi ya bahari itarudi pamoja nao.

MCHANGIAJI (Wete, Pemba)

Kaka, hukutuambia yule kijana wa karafuu aliishia wapi.

MWANZISHA UZI

Nilimpigia simu, nikamwomba radhi, nikamweleza kuhusu mikono. Alikaa kimya, kisha akasema yeye mwenyewe aliipiga kwa ajili ya mikono, ila tulipoinyamazia akadhani alikosea kuiona.

Alirudi barazani msimu uliofuata na picha nyengine ya bibi yule yule, amepigwa jioni ukumbini kwake, anachambua karafuu mbichi, taa moja ikiwa upande wa kulia. Vidole vimekaa vizuri, na kwenye kucha ya kidole gumba kuna mstari wa kijani wa konyo lililokatika sasa hivi. Yule aliyesema "imeungua" mwaka ule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuishika. Akaiangalia kwa muda mrefu, akasema jicho lake limeingia mikononi, likapanda usoni, kisha likatoka nje kwa kuifuata ndoo ya plastiki ya buluu iliyoko pembeni kushoto. Kijana akaitazama ndoo kama anaiona kwa mara ya kwanza, akacheka, akaiandika kwenye daftari lake.